Unasihi wa Kikristo na saikolojia kwa elimu masafa: njia tatu kwa anayesoma akiwa Tanga

Katika sharika na parokia nyingi za Tanga, mtu mwenye sikio la kusikiliza hupewa kazi ya unasihi kabla hajafundishwa unasihi. Huanza kwa kuitwa kusuluhisha wanandoa, kisha huletewa kijana aliyeacha shule, na siku moja humjia mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, ambaye halali usiku, hana hamu ya chakula, na anasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye. Hapo ndipo msikilizaji anapotambua kwamba nia njema haimwelezi afanye nini saa hiyo. Anataka kusoma, lakini ana kazi na watoto, na hawezi kuhamia Dar es Salaam au Dodoma kukaa darasani miaka mitatu. Kwa hiyo anageukia elimu masafa, na huko anakutana na kozi zinazofanana majina na kutofautiana sana ndani.

Nimepita katika hali hiyo, na tangu hapo nimekaa na walimu, wauguzi, wainjilisti na wake wa wachungaji tukizipanga karatasi za kozi mezani. Nilichojifunza ni kwamba wengi wetu tunachagua kwa jina la kozi au kwa ada, ilhali maswali yanayoamua ni mengine.

Njia zenyewe na vigezo vya kuzipima

Njia ya kwanza ni cheti au stashahada ya unasihi wa Kikristo kutoka seminari au chuo cha Biblia kinachofundisha kwa masafa. Ndani ya njia hii imo elimu ya theolojia kwa enezi, ambayo wengi wanaijua kwa herufi TEE. Mfumo huo ulianzia Guatemala mwaka 1963 kwa ajili ya viongozi wa makanisa ya vijijini ambao hawakuweza kuacha mashamba yao, na baadaye ukaenea Afrika. Imo pia South African Theological Seminary, iliyoanzishwa mwaka 1996 na inayofundisha kwa masafa.

Njia ya pili ni shahada ya taaluma iliyo jirani na unasihi, kama vile ustawi wa jamii, sosholojia au ualimu, katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, makao yake makuu yako Kinondoni, na kina vituo mikoani, kikiwemo cha Tanga.

Njia ya tatu ni shahada ya saikolojia ya chuo cha nje. Majina yanayotajwa sana ni mawili, na yako mbali kimtazamo. UNISA, yaani Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilichoko Pretoria, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1873 na imekuwa ikifundisha kwa masafa tangu 1946, inafundisha saikolojia kama sayansi ya jamii bila kuifunga na dini. Liberty University ya Virginia, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1971, ni chuo cha Kiinjili, na ndani ya shahada yake ya saikolojia mwanafunzi anaweza kuegemea unasihi wa Kikristo.

Vigezo vyangu ni vinne: cheti kinatambuliwa wapi; imani na saikolojia zinakutanishwa vipi; mazoezi yanafanyika chini ya jicho la nani; na masomo yanadai muda, lugha na fedha kiasi gani. Sivipi uzito sawa. Kigezo cha mazoezi ndicho kinachopuuzwa zaidi katika elimu masafa, na ndicho ninachokiogopa zaidi, kwa sababu madhara yake hayampati mwanafunzi bali mtu aliyekuja kwake akiwa ameumia.

Kutambuliwa kwa cheti

Hapa nchini shahada zinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na vyeti vya ngazi za astashahada na stashahada vya vyuo vya ufundi na taaluma viko chini ya NACTVET. Shahada ya Chuo Kikuu Huria haina swali katika jambo hili. Mwajiri wa serikali, shirika au shule anaijua, na mwenye nayo anaweza kuendelea na shahada ya uzamili katika chuo kingine.

Shahada ya nje inaweza kutambuliwa, lakini ni kazi yako kuhakikisha. TCU hufanya tathmini ya tuzo za nje, yaani vyeti na shahada za vyuo vya nje, na ningemshauri mtu yeyote aulize huko kabla ya kulipa ada ya kwanza, si baada ya kuhitimu. Neno "mwanasaikolojia" nalo lisikudanganye. Nchini Afrika Kusini kwenyewe, shahada ya kwanza haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia aliyesajiliwa. Anahitaji shahada ya uzamili, mafunzo kwa vitendo na usajili wa baraza la taaluma za afya. Marekani leseni nayo hutolewa na majimbo, si na chuo, na kwa kawaida hudai uzamili kwa mnasihi na uzamivu kwa mwanasaikolojia. Hapa kwetu saikolojia tiba inafundishwa Muhimbili katika ngazi ya uzamili. Kwa hiyo shahada ya kwanza kwa masafa, iwe ya chuo gani, ni msingi tu.

Cheti cha seminari ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Zipo seminari zenye ithibati kamili ya serikali za nchi zao, na ile ya Afrika Kusini niliyoitaja ni mojawapo. Zipo nyingine ambazo cheti chao kinatambuliwa na kanisa husika tu, jambo ambalo halina ubaya ikiwa unakusudia kutumika ndani ya kanisa hilo. Shida ni kozi zisizo na mlezi yeyote. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kozi ya mtandaoni kwa chuo ambacho sikukichunguza. Nilijibu maswali ya kuchagua, na baada ya wiki sita nikapokea cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Katika wiki zote hizo hakuna mtu aliyenisikia nikizungumza na mwenye shida hata mmoja. Nilijiona mnasihi, na kwa miezi kadhaa nilishauri watu kwa ujasiri ambao sikustahili kuwa nao. Tangu hapo nauliza maswali mawili kila nioneshwapo kozi: chuo kimesajiliwa na mamlaka gani, na kozi hii ni ya ngazi gani katika mfumo wa nchi hiyo. Chuo kisichojibu hayo kwa sentensi moja ni cha kuachwa.

Imani na saikolojia zinakutanaje?

Hapa ndipo kozi zenye jina moja zinapoachana kabisa.

Upo mkondo uliopata nguvu Marekani kuanzia mwaka 1970 kupitia mchungaji Jay Adams, unaoshikilia kwamba Maandiko yanatosha kwa unasihi na kwamba sehemu kubwa ya matatizo yanayoitwa ya nafsi yana mzizi katika dhambi na yanahitaji maonyo ya upendo. Upo mkondo wa pili unaounganisha: unachukua matokeo ya saikolojia, unayapima kwa theolojia, na kuyatumia pamoja na sala na Neno. Upo pia mtazamo wa tatu unaoziacha taaluma hizi kila moja mahali pake, mchungaji akifanya kazi ya kichungaji na mnasihi akifanya ya unasihi, hata kama ni mtu mmoja mwenye kofia mbili.

Seminari inaweza kufuata mkondo wowote kati ya hii, na mara nyingi matangazo yake hayasemi ni upi. Utaujua kwa kuomba orodha ya moduli. Ukikuta maendeleo ya binadamu, maradhi ya akili, maadili ya unasihi na utaratibu wa rufaa (kumpeleka mtu kwa mtaalamu mwingine) vimekaa pamoja na mafundisho ya Biblia, hiyo ni kozi ya kuunganisha. Ukikuta Biblia peke yake, unajua ni mkondo upi. Liberty iko upande wa kuunganisha, ndani ya imani ya Kiinjili. Mkatoliki au Mwanglikana anaweza kusoma huko, lakini ajue kwamba atakutana na lugha ya kiimani isiyo yake. UNISA na Chuo Kikuu Huria hawatakuunganishia chochote: utajifunza nadharia, utafiti na jamii, na daraja la kwenda kwenye imani utalijenga mwenyewe au kwa msaada wa mchungaji wako. Hilo ni pungufu kwa anayetaka mwongozo. Kwa anayefanya kazi mahali kama Tanga, linaweza pia kuwa faida.

Nasema hivyo kwa sababu ya mji wenyewe. Mnasihi wa Kikristo aliyeko Makorora au Ngamiani hakai na Wakristo peke yao. Familia nyingi zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, na wengi wanaofika wamekwisha kupita kwa mganga, kwa shehe na kwa maombezi. Wanaposema "nina mawazo" hawamaanishi fikra. Wanasema juu ya mzigo unaokaa kifuani na kuondoa usingizi. Aidha, mji huu una washauri wake wa tangu zamani: kungwi, somo, mshenga na wazee wa ukoo. Sijaona moduli ya masafa inayofundisha kukaa nao, ingawa ndio watu ambao mteja wako atarudi kwao jioni. Kungwi anaeleza la kufanya, naye mnasihi humsaidia mtu aone mwenyewe la kufanya. Asiyejua tofauti hiyo atakuwa kungwi wa pili mwenye cheti.

Tumrudie yule mama aliyejifungua. Kozi inayomfundisha mnasihi kutafuta dhambi kwanza itamwacha mama huyo na aibu juu ya ugonjwa, kwa kuwa dalili zake zinafanana na sonona baada ya kujifungua, na maneno yake juu ya mtoto ni sababu ya kumfikisha hospitali siku hiyo hiyo. Kozi ya saikolojia tupu itamsaidia mnasihi kuitambua sonona, lakini huenda isimwandae kwa swali ambalo mama huyo ataliuliza bila shaka, yaani kama Mungu amemwacha. Simlaumu anayechagua mkondo wowote kwa dhamiri. Ninachosimamia ni kwamba kozi isiyofundisha mipaka ya mnasihi, wakati wa kumpeleka mtu kwa daktari na jinsi ya kumpeleka, haifai, iwe imejaa Maandiko au imejaa nadharia.

Wanaodhani kwamba imani na tiba ya akili ni mambo yasiyokaa pamoja waiangalie Lutindi, huko milimani wilayani Korogwe. Palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mapema katika karne ya 20 pakageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo ipo hadi leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT.

Mazoezi chini ya msimamizi

Hakuna aliyejifunza kusuka ukili kwa kusoma maelezo ya kusuka. Kusikiliza kwa kitaalamu ni hivyo hivyo: mtu hukosea, msimamizi huona kosa, na mkono hujifunza taratibu.

TEE ina nguvu hapa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu tangu asili yake wanafunzi hukutana mara kwa mara na mwalimu na kuzungumzia kazi ya wiki iliyopita. Kundi kama hilo likiwa na mwalimu mwenye uzoefu wa unasihi, ni darasa la vitendo lenye thamani kubwa. Akiwa mwalimu wa Biblia tu, linabaki kundi la kujadili. Seminari za mtandaoni hutofautiana: nyingine hudai urekodi mazungumzo ya mazoezi na kuyatuma yakosolewe, nyingine hudai insha pekee. Katika Chuo Kikuu Huria, anayesoma ustawi wa jamii au ualimu anakwenda fildi au mazoezi ya kufundisha, na kituo cha mkoa kinampa mahali pa kuanzia. Shahada za kwanza za saikolojia za nje zina nadharia nyingi na takwimu nyingi, na vitendo vichache. Mwanafunzi aliye Tanga asitegemee kwamba chuo kilichoko Pretoria au Virginia kitamtafutia msimamizi.

Umuhimu wa usimamizi ulioneshwa vizuri na mpango wa Friendship Bench wa Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliuanzisha mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare, Harare, akiwa na bibi 14 ambao hawakuwa na shahada. Walifundishwa njia fupi ya kumsaidia mtu kulitaja tatizo na kulitafutia hatua, wakakaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakisimamiwa na kuwa na mahali pa kupeleka kesi nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nikisoma habari hiyo nakumbuka cheti changu cha wiki sita. Mafunzo ya bibi wale nayo yalikuwa mafupi, ila walikuwa na mtu nyuma yao.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, mtafute msimamizi kabla ya kuanza. Anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, uulize katika huduma za afya ya akili za Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na umwombe mchungaji au padre barua ya kukutambulisha. Katika kuuliza huko utajifunza pia mipaka ya siri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na simu ya huduma kwa mtoto ni 116. Mnasihi aliyeahidi siri isiyo na ukomo amejifunga kwa ahadi ambayo hataweza kuitimiza.

Muda, lugha na fedha

Usihesabu miaka iliyoandikwa kwenye tangazo, hesabu saa. Katika mfumo wa Afrika Kusini na wa kwetu, krediti moja ni takriban saa 10 za kujifunza. Cheti cha juu cha Afrika Kusini chenye krediti 120 ni saa 1,200. Ukipata saa 10 kwa wiki, ni wiki 120, zaidi ya miaka miwili. Shahada ya krediti 360 ni saa 3,600, na hata ukitoa saa 15 kila wiki utakwenda miaka minne na nusu hivi. Krediti ya Kimarekani ni kubwa zaidi, takriban saa 45, na shahada yao ina krediti 120, yaani kama saa 5,400.

Lugha inagawa njia hizi waziwazi. TEE huweza kufundishwa kwa Kiswahili. Nyingine nilizozitaja ni Kiingereza. Anayesoma kwa Kiingereza atahitaji kazi ya pili ya kuyarudisha yote katika maneno ambayo mtu wa Pongwe au Muheza atayaelewa, na kazi hiyo ifanyike tangu moduli ya kwanza, kwa daftari la pembeni.

Kuhusu fedha, tofauti kubwa si kiwango cha ada peke yake bali sarafu. Ada ya Chuo Kikuu Huria ni ya shilingi, ya UNISA ni ya randi, ya Liberty ni ya dola, na shilingi ikishuka katikati ya masomo, wewe ndiye unayebeba tofauti hiyo. Ongeza bando la intaneti na vitabu.

Ukilinganisha na hali yako

Ikiwa wewe ni mwinjilisti, mzee wa kanisa au mke wa mchungaji, unatumika bila mshahara na hukusudii kuajiriwa kama mnasihi, kozi ya Kiswahili yenye kundi la kukutana au cheti cha seminari yenye ithibati kitakufaa kuliko shahada ambayo utaiacha njiani. Sharti ni orodha ya moduli iwe na maadili na rufaa.

Ikiwa wewe ni mwalimu, muuguzi au mtumishi wa halmashauri na unataka cheti kitakachohesabika kazini, Chuo Kikuu Huria kinakupa shahada inayojulikana, fildi na kituo kilicho ndani ya mkoa. Elimu ya imani utaipata kando, kwa kozi fupi ya kanisa lako, na hutapoteza kitu kwa kuzitenganisha.

Ikiwa lengo lako ni kufika siku moja katika saikolojia tiba, shahada ya saikolojia ya nje inaeleweka, hasa kama Kiingereza chako ni imara na mtiririko wa fedha yako ni wa uhakika. Waulize kwanza TCU kuhusu tuzo hiyo, kisha ukiulize chuo unachotaka kusomea uzamili kama kitaipokea. Majibu hayo mawili uyapate kwa maandishi.

Na ikiwa watu tayari wako mlangoni kwako na huwezi kusubiri barua ya udahili, usianze na chuo. Anza wiki hii kwa kuandika kwenye karatasi moja namba ya ofisi ya ustawi wa jamii, ya zahanati iliyo karibu na ya mtu mmoja mwenye uzoefu atakayekubali kukusikiliza kila mwezi. Ukisha kuwa na karatasi hiyo, kaa chini na uchague chuo bila pupa.